Hela ya umma ya kulinda mashamba Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanajirudia kila siku, kwa wakulima wenyewe, kwa wanaolipa kodi, na kwa watu walioko nje ambao wanasikia tu kwamba kuna mahali serikali inamlipa mkulima asiuze shamba kwa watu wa kujenga. Majibu yanahusu Marekani, na ukumbuke kila jimbo lina sheria zake, kwa hiyo kabla ya kusaini chochote nenda ofisi ya kaunti yako.

## Mambo ya msingi

1. Hii programu ni nini hasa?

Shamba lililo karibu na mji lina bei mbili. Kuna bei ambayo mkulima mwenzako anaweza kulipa akategemea mahindi au maziwa kuirudisha, na kuna bei ya kampuni ya nyumba ambayo inaangalia shamba inaona viwanja 60. Hiyo ya pili mara nyingi ni kubwa zaidi, na ndo inayoua kilimo pembeni ya miji, maana hata mtu anayependa kulima akizeeka bila pensheni shamba ndo akiba yake yote.

Programu inafanya hivi: kaunti au jimbo, mara nyingi wote pamoja, wanamlipa mwenye shamba ile tofauti ya bei, na yeye anasaini hati kwamba ardhi hiyo haitakatwa viwanja wala kujengwa maduka, milele. Kwa kifupi ameuza haki ya kujenga, shamba amebaki nalo. Hati inasajiliwa pamoja na hatimiliki kwa hiyo masharti yanaifuata ardhi, sio mtu.

Walioanza ni Suffolk County, New York, kule Long Island kwenye mashamba ya viazi ambako mji wa New York ulikuwa unasogea kwa kasi. Sheria yao ni ya 1974 na haki za kwanza wakazinunua 1977. Maryland na Massachusetts wakapitisha sheria zao 1977, Connecticut 1978, New Jersey 1981, Pennsylvania 1988. Leo Pennsylvania ndo inaongoza, imeshalinda zaidi ya ekari 600,000.

2. Shamba linakuwa la serikali?

Hapana, na hili ndo swali linalowatisha wazee kuliko yote. Shamba ni lako, unalima unachotaka, unaliuza unapotaka, unamwachia mtoto, unaweka dhamana benki, na unaendelea kulipa kodi ya ardhi kama kawaida. Watu hawapati ruhusa ya kuja kupiga picha na kutembea shambani kwako kwa sababu tu hela ya umma imetumika, labda wewe mwenyewe ukubali hilo kwenye hati. Kilichoondoka ni ile haki ya kugeuza shamba kuwa mtaa.

3. Kwa nini nilipe kodi yangu kwa ajili ya shamba la mtu mwingine?

Swali halali kabisa, na mimi nadhani jibu lake lina nguvu. Shirika la American Farmland Trust lilipima ardhi ya kilimo iliyopotea au kukatwakatwa kati ya 2001 na 2016 likakuta ni kama ekari milioni 11, yaani karibu ekari 2,000 kila siku. Na zinazopotea sio zile za mawe. Nyumba zinapenda ardhi tambarare, yenye udongo wa kina, isiyotuamisha maji, na hiyo hiyo ndo inayotoa mavuno. Ukishaondoa udongo wa juu na kumwaga zege hakuna namna ya kuurudisha ukawa kama ulivyokuwa.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaijui. Mtaa mpya unaleta kodi lakini unaleta pia watoto wa kusomeshwa, barabara za kukarabati, zimamoto, polisi, mabomba. Hesabu zilizofanywa kwenye kaunti nyingi zimeonyesha kitu kile kile, nyumba za makazi zinadai huduma za thamani kubwa kuliko kodi zinazolipa, shamba linalipa zaidi ya linachodai. Ng'ombe haendi shule. Kwa hiyo unapolipia shamba libaki shamba, hujamfanyia hisani mkulima, umejinunulia kitu.

4. Si wangekataza tu ujenzi kwa sheria, bila kulipa?

Wengine wanafanya hivyo. Oregon tangu 1973 ina sheria ya jimbo zima inayozitaka kaunti zitenge ardhi ya kilimo. Ni kazi nzuri, na ukitazama ramani ya kule utaona mji unaishia pale pale mstari ulipochorwa.

Shida ya sheria ya matumizi ya ardhi ni kwamba baraza lililoipitisha linaweza kuibadilisha, au baraza linalofuata, au la baada ya hapo. Shinikizo haliishi. Hati iliyolipiwa ni mali, haifutwi kwa kura ya Jumanne usiku. Pia mkulima ambaye ardhi yake imekatazwa bila fidia anaona ameibiwa uzeeni, na kusema kweli unamwelewa.

Montgomery County, Maryland, nje kidogo tu ya Washington, walichanganya vyote viwili. Mwaka 1980 walitenga eneo la kilimo la ekari kama 93,000 na kuruhusu nyumba 1 tu kwa kila ekari 25, ila wakampa mwenye ardhi haki 1 ya ujenzi kwa kila ekari 5 ambayo anaweza kuiuza kwa kampuni inayojenga sehemu nyingine ya kaunti ambako wanataka nyumba nyingi. Hapo anayelipa ni kampuni, sio mfuko wa umma. Inahitaji mji wenye njaa ya nyumba na viongozi wasioyumba, ndo maana sehemu nyingi zimeiga na chache zimefanikiwa.

## Hela inatoka wapi

5. Nani analipa, kaunti, jimbo au serikali kuu?

Mara nyingi wote watatu kwenye shamba moja. Lakini kama kuna kitu kimoja nataka msomaji aondoke nacho ni hiki: hela ya kaunti ndo funguo. Ya jimbo na ya serikali kuu kwa sehemu kubwa zinakuja kujazia iliyokwisha kuwekwa mezani. Kaunti yenye mfuko wake, hata mdogo, inaweza kuvuta hela ya jimbo na ya serikali kuu. Isiyo na mfuko inakaa kuangalia wenzake wakichukua. Ndo maana majirani wawili wenye udongo ule ule wanaweza kuwa na matokeo tofauti kabisa baada ya miaka 20.

6. Kaunti inapata wapi hizo hela?

Njia zipo kadhaa na karibu zote zinaanza na kura ya wananchi.

Kodi ya mauzo: Sonoma County, California, mwaka 1990 wapiga kura walikubali robo senti kwenye kila dola ya manunuzi, na 2006 wakaiongezea muda. Kodi ya kuhamisha nyumba: miji mitano ya mashariki mwa Long Island, eneo la Peconic, mwaka 1998 walipiga kura kukata asilimia 2 mtu anaponunua nyumba au kiwanja, na matajiri wa Hamptons, vijiji vya pwani huko huko, ndo wamejaza huo mfuko. Mimi hii ndo naipenda kuliko zote kwa sababu soko la nyumba likipanda na kutishia mashamba, mfuko nao unapanda wakati huo huo. Massachusetts tangu 2000 sheria inaruhusu mji kujiongezea hadi asilimia 3 juu ya kodi ya majengo, na jimbo linachangia juu yake, ingawa hela hiyo inagawanywa pia kwa nyumba za bei nafuu na majengo ya kihistoria. Pennsylvania kwenye ngazi ya jimbo wanatumia sehemu ya kodi ya sigara.

Bondi nayo ipo, yaani kaunti inakopa kwa wawekezaji na kulipa polepole. King County, jimbo la Washington, ambako ndo kuna Seattle, wananchi walipitisha bondi ya dola milioni 50 mwaka 1979. Uzuri wa bondi ni kwamba unanunua sasa kabla bei haijapanda, na kwa ardhi hilo sio jambo dogo. Ubaya wake ni kwamba ikiisha imeisha, wafanyakazi wanahamishwa, wakulima waliokuwa kwenye foleni wanakata tamaa, na baada ya miaka 10 mnaanza upya kuwashawishi watu. Kama kaunti yako inajadili ichague nini, pigania chanzo kinachoingiza kila mwaka hata kama ni kidogo.

7. Serikali kuu inatoa kiasi gani?

Ilianza kutoa hela kwa hili kwenye sheria ya kilimo ya 1996. Toka 2014 programu inaitwa ACEP na inasimamiwa na NRCS, idara ya wizara ya kilimo. Kwa mashamba inalipa hadi asilimia 50 ya thamani ya hati (ile tofauti ya bei), na hadi 75 kwa nyanda za malisho zenye umuhimu wa pekee kimazingira. Sheria ya kilimo ya 2018 iliipa ACEP dola milioni 450 kwa mwaka, hapo ndani kuna mashamba na ardhi oevu pia, halafu sheria ya tabianchi ya 2022 ikaiongezea dola bilioni 1.4.

Angalia hiyo asilimia 50. Nusu nyingine lazima itoke mahali: kaunti, jimbo, shirika lisilo la serikali, au mkulima mwenyewe kwa kukubali bei ya chini. Rudi swali la 5.

8. Kaunti ikiwa haina hela yote kwa mkupuo, inashindwa?

Sio lazima. Howard County, Maryland, mwaka 1989 walianzisha malipo ya muda mrefu: mkulima anapata riba mara mbili kwa mwaka, isiyokatwa kodi ya mapato ya serikali kuu, na mtaji wenyewe analipwa mwisho, baada ya miaka 30. Kaunti inanunua mapema hatifungani za hazina zitakazoiva mwaka huo, kwa hiyo kwa hela ndogo ya leo inafunga deni kubwa la baadaye. Wakulima waliozipenda ni wale waliotaka kipato cha uzeeni badala ya cheki moja nene na kodi yake.

9. Ile kodi nafuu ya ardhi ya kilimo ndo programu hii hii?

Hapana, na kuchanganya haya mawili kunawaponza watu. Kodi nafuu ni kwamba ardhi yako inatozwa kwa thamani ya kilimo badala ya thamani ya viwanja. Maryland walianza 1956, sasa hivi majimbo yote yana aina fulani. Haizuii kuuza. Pennsylvania kwa mfano, ukitoka kwenye mpango huo unalipa tofauti ya miaka 7 iliyopita na riba ya asilimia 6, na kwa kampuni kubwa ya nyumba hiyo ni gharama ndogo tu ya biashara.

California wana ya katikati, sheria ya Williamson ya 1965, ambapo mwenye ardhi anasaini mkataba wa miaka 10 unaojiongeza mwaka 1 kila mwaka mpaka mmoja aseme basi. Jimbo lilikuwa linazifidia kaunti kwa kodi zilizopotea, ila 2009 bajeti ilipobana fidia hiyo ikakatwa, kaunti zikabaki kubeba mzigo zenyewe.

## Mkulima anayetaka kuomba

10. Nitalipwa shilingi ngapi, yaani dola ngapi?

Mthamini anapiga hesabu mbili, shamba bila masharti na shamba lenye masharti. Tuchukue namba za mfano tu: ekari 80, bei ya soko dola 15,000 kwa ekari, bei ya kilimo dola 6,000. Tofauti ni 9,000, mara 80 ni dola 720,000. Hiyo ndo thamani ya hati.

Sasa usikimbilie kununua trekta. Kaunti nyingi zina kikomo kwa ekari. Kikiwa 4,000 basi cheki yako ni 320,000, na zile 400,000 zilizobaki unahesabiwa umechangia, jambo ambalo lina faida yake ya kodi (swali la 13). Kuna wakulima wanakataa hapo na wana haki. Wengine wanakubali kwa sababu wanataka kumlipa ndugu sehemu yake ya urithi bila kukata shamba, na cheki inatosha kwa hilo.

11. Wanachagua vipi nani alipwe?

Kwa alama. Waombaji ni wengi kuliko hela karibu kila mahali. Wanaangalia ubora wa udongo kwanza, kwenye ramani za udongo za serikali, halafu ukubwa, ukaribu na mashamba mengine yaliyolindwa, shinikizo la ujenzi, na jinsi unavyotunza ardhi. Kaunti nyingi zinatumia mfumo wa alama uliotengenezwa na wizara ya kilimo mwaka 1981 wakaubadilisha kidogo.

Ukaribu una maana sana kuliko watu wanavyodhani. Shamba moja lililozungukwa na nyumba litakuwa na kesi za harufu ya samadi na trekta barabarani kila msimu. Mashamba 10 yanayogusana yanaweza kubakisha duka la mbolea na fundi wa mashine. Pennsylvania wanadai shamba liwe ndani ya eneo la kilimo lililosajiliwa la ekari 500 au zaidi, linaloundwa na wakulima wenyewe kwa hiari, kwa hiyo anza kwa kuongea na majirani.

12. Inachukua muda gani?

Zaidi ya mwaka ni kawaida, miwili sio ajabu, na kama kuna hela ya serikali kuu ongeza subira. Kinachokwamisha mara nyingi sio serikali bali makaratasi ya shamba lenyewe: mpaka ambao haujawahi kupimwa vizuri, jina la babu aliyefariki bado liko kwenye hatimiliki, au mkopo. Benki yenye dhamana kwenye shamba lazima ikubali kwa maandishi kwamba hati ya hifadhi iko juu ya dai lake, vinginevyo ukishindwa kulipa wanauza shamba na hati inakufa. Ongea na benki mapema kabisa.

13. Hiyo hela inakatwa kodi?

Kwa kawaida inahesabiwa kama mauzo ya sehemu ya mali, kwa hiyo ndio, kuna kodi. Ile sehemu uliyochangia kwa kukubali bei ya chini unaweza kuitoa kwenye mapato yako: kanuni iliyofanywa ya kudumu 2015 inaruhusu hadi asilimia 50 ya mapato kwa mwaka, na asilimia 100 kwa mtu ambaye zaidi ya nusu ya kipato chake ni kilimo, na isiyotumika unaibeba hadi miaka 15 mbele. Tafuta mhasibu aliyewahi kufanya hizi kabla, sio wa kujifunzia kwako.

14. Mimi nakodi shamba tu, sina ardhi. Kuna changu hapa?

Huwezi kuomba, mwenye ardhi ndo anaomba. Ila shamba lililolindwa likiuzwa linatakiwa liwe karibu na bei ya kilimo, na hapo mkulima anayeanza anapata nafasi ambayo asingeipata kabisa. Nasema linatakiwa, kwa sababu sio kila mara (swali la 19).

## Baada ya kusaini

15. Naweza kujenga nini shambani?

Ghala, zizi, kibanda cha kuuzia mazao, mara nyingi nyumba 1 ya familia au ya wafanyakazi kwenye sehemu iliyochorwa kabisa kwenye ramani. Hela ya ACEP ikiwemo, kwa kawaida vitu vinavyofunika ardhi, mapaa, zege, lami, havitakiwi kuzidi asilimia 2 ya eneo, ingawa unaweza kuomba nafuu. Mwenye greenhouse nyingi asome kifungu hicho mara mbili kabla hajasaini, maana kilimo kinabadilika na hati haibadiliki.

16. Nani anakuja kukagua?

Mwenye hati, yaani kaunti, jimbo au shirika, mara nyingi mara 1 kwa mwaka. Anakuja na kabrasha la picha zilizopigwa siku ya kusaini, kila moja na namba yake kwenye ramani, anasimama pale pale anapiga tena. Anatafuta jengo jipya, rundo la takataka, udongo unaochimbwa ukauzwa, korongo la mmomonyoko lililokua. Ukaguzi wenyewe ni wa saa chache. Kaunti zinazoruka miaka kwa kukosa wafanyakazi zinajitafutia kesi, na hii gharama watu wanaisahau wanapopigia kura mfuko: kununua ni mara moja, kulinda ni kila mwaka.

## Kesi ngumu

17. Vipi sola?

Paneli za paa la ghala kwa umeme wa shamba kwa kawaida hazina tatizo. Kufunika ekari 40 na kuuza umeme kwenye gridi ni kitu kingine, hati nyingi zinakataza au zimeandikwa zamani wala hazisemi lolote, na isiposema jibu analo mwenye hati. Usisaini na kampuni ya sola kwanza ukauliza baadaye.

18. Serikali ikitaka kupitisha barabara, au hati inaweza kufutwa?

Barabara inaweza kupita. Hati haiondoi nguvu ya serikali kutwaa ardhi kwa fidia, japo Pennsylvania wana bodi ya kupitia baadhi ya utwaaji wa ardhi ya kilimo kwanza. Fidia inagawanywa, sehemu ya haki za ujenzi inarudi kwa waliozilipia.

Kufuta kwa ombi la mwenye shamba ni karibu haiwezekani. Maryland hati za zamani, za kabla ya Oktoba 2004, zinaruhusu mtu aombe baada ya miaka 25 akithibitisha kilimo hakilipi tena pale. Za baada ya hapo ni za kudumu kabisa.

19. Tajiri akinunua shamba lililolindwa akaweka jumba na farasi wawili?

Inatokea, na inauma, maana hela ya umma inaishia kumnunulia mtu mandhari. Hati ya kawaida inazuia kujenga mtaa, haimlazimishi mtu kulima. Massachusetts na Vermont wameongeza kifungu: shamba likitaka kuuzwa kwa asiye mkulima, mwenye hati ana haki ya kulinunua kwanza kwa bei ya kilimo. Gharama yake ni kwamba unamlipa mkulima zaidi mwanzoni. Mimi naona inafaa, hasa karibu na miji ya bahari ambako nyumba ya pili ya mtu inaweza kushinda bei ya mkulima yeyote.

20. Nimesikia hati hizi ni mchezo wa kukwepa kodi, kweli?

Kuna upande huo, ila sio huu wa serikali kununua. Ni wawekezaji waliokuwa wanaungana kununua ardhi, wanapata mthamini wa kuipa thamani ya ajabu, kisha wanaichangia na kugawana punguzo la kodi. Mamlaka ya kodi iliwaandama toka 2016, na sheria ya 2022 ikaweka kikomo, kwa jumla punguzo lisizidi mara 2.5 ya walichowekeza. Familia inayolima ardhi yake yenyewe sio walengwa, lakini ndo sababu uthamini sasa unachunguzwa sana.

21. Kaunti yetu haina programu wala mfuko. Nianzie wapi?

Angalia kama kuna shirika la kulinda ardhi eneo lako, kwa sababu hela ya ACEP inaweza kupitia shirika lisilo la serikali au serikali ya kabila la Wahindi Wekundu, sio kaunti peke yake. Marin County, California, walianza hivyo 1980, mfugaji Ellen Straus na mwanabiolojia Phyllis Faber wakaunda shirika lao, la kwanza nchini kwa ajili ya mashamba tu, na kodi ya mauzo ya kaunti ya kuwasaidia ikaja kupigiwa kura 2012. Wakati huo huo nenda kwenye kikao cha bajeti cha kaunti na ramani ya udongo na orodha ya wakulima walio tayari kuomba, hata watano. Diwani akiona majina na ekari anaelewa haraka kuliko akisikia hotuba, na uchaguzi unaofuata ndo wakati wa kudai swali la mfuko liwekwe kwenye karatasi ya kura.